Kiti cha Enzi cha Silaha: Historia ya Msumbiji Katika Chuma

Wanafunzi wanapokutana na "kiti cha enzi" katika masimulizi ya pwani, huwa tunawaeleza kuwa ni kiti cha mpingo kilichotiwa nakshi za pembe, ambacho waungwana wa Lamu na Unguja walimtengea mgeni mheshimiwa. Kipo kingine, cha chuma, kinachostahili kuingia katika somo hilo. Kilitengenezwa Maputo mwaka 2001 na msanii Cristóvão Canhavato, maarufu kwa jina la Kester.

Asili yake ni vita. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, baada ya FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kupigana na Wareno kwa miaka kumi. Mwaka 1977 vita vingine vikaanza, RENAMO ikisaidiwa kwanza na walowezi wa Rhodesia, kisha na makaburu wa Afrika Kusini. Watu wapatao milioni moja walikufa. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, lakini silaha nyingi zilibaki zimefichwa vijijini.

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, Askofu Dinis Sengulane akiwa mstari wa mbele, lilianzisha mpango wa kubadilishana: mtu alete bunduki, apewe jembe, baiskeli, cherehani au vifaa vya ujenzi. Bunduki zilikatwakatwa zisitumike tena, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii.

Mhunzi wa kale angalitia upanga motoni, akaufua uwe jembe, na upanga ungalisahaulika. Kester hakuyeyusha wala hakufua. Alichomelea vipande jinsi vilivyokuwa. Kwa hiyo kiti chake husomeka kama hati. Egemeo ni bunduki mbili za G3 kutoka Ureno. Mikono ni AK-47 za Kisovieti. Kikalio ni mitutu iliyotoka Poland na Czechoslovakia, na mguu mmoja wa mbele ni mtutu wa Korea Kaskazini. Kwenye kitako cha G3, matundu ya skrubu na alama ya mkanda wa kubebea yanafanana na uso unaotabasamu. Msanii hakuuchonga uso huo, aliukuta.

Hakuna bunduki hata moja kati ya hizo iliyoundwa Afrika. Nasi katika Kiswahili tunasema "vita vya wenyewe kwa wenyewe", ilhali zana za vita hivyo zilitoka kwa wengine. Msamiati wetu umeficha kile ambacho kiti kimekiacha wazi.

Tangu mwaka 2002 kiti hicho ni mali ya British Museum, London. Mwalimu anayefundisha msamiati wa vita na aonyeshe picha yake darasani, kisha awaulize wanafunzi: hao "wenyewe" ni akina nani?