Nuru, Giza na Mamlaka ya Kuamua: Maisha na Kazi ya Rubani Ormer Locklear (1891–1920)

Masimulizi mengi kuhusu marubani wa kwanza wa michezo ya hatari katika filamu huwachora kama watu waliodharau mauti. Makala hii inatofautiana na mtazamo huo kwa kuchunguza maisha ya Mmarekani Ormer Locklear. Hoja yake kuu ni kwamba ustadi wa Locklear ulikuwa ustadi wa kuipima hatari, na kwamba alifariki pale sehemu ya kipimo hicho ilipotoka mikononi mwake na kuingia mikononi mwa watu waliokuwa ardhini.

Locklear alizaliwa Oktoba 28, 1891 huko Greenville, Texas, akakulia Fort Worth, ambako alifanya kazi ya useremala. Mwaka 1917 alijiunga na tawi la anga la jeshi la Marekani, na baadaye akawa mkufunzi wa urubani katika kituo cha Barron Field. Inasimuliwa kwamba wakati wa mafunzo alitakiwa kusoma ujumbe uliomulikwa kutoka ardhini, lakini bawa na injini vilimziba macho. Alimwachia mkufunzi wake ndege, akatoka hadi kwenye bawa la chini, akausoma. Hata kama simulizi hiyo imetiwa chumvi, inadokeza jambo la msingi: kwake yeye, kutembea juu ya bawa kulianza kama ufumbuzi wa tatizo la kazi kabla ya kugeuka onyesho.

Mwaka 1919 aliondoka jeshini na kufanya maonyesho ya hadhara pamoja na marubani Milton Elliott na Shirley Short, chini ya wakala William Pickens. Zoezi lililomletea sifa lilikuwa kuhama kutoka ndege moja hadi nyingine zikiwa angani. Zoezi hilo lilihitaji rubani wa kila ndege kushikilia mwendo sawa na mwenzake, huku Locklear akisubiri nafasi inayofaa. Ikumbukwe kuwa aliyeamua wakati wa kuhama alikuwa ni yeye mwenyewe.

Umaarufu huo ulimfikisha Hollywood. Mwaka 1919 aliigiza katika *The Great Air Robbery* ya kampuni ya Universal, na mwaka uliofuata katika *The Skywayman* ya kampuni ya Fox. Tukio la mwisho la filamu hii ya pili lilihusu ndege inayoporomoka usiku kwa kuzunguka. Kampuni ilikusudia kulipiga picha mchana kwa kutumia vichujio vyekundu ili lionekane la usiku. Locklear ndiye aliyeshikilia lifanyike usiku halisi. Ukweli huu hauwezi kupuuzwa, kwani unaonyesha kwamba hakuwa mhanga asiye na sauti.

Hata hivyo, uamuzi huo ulibadili masharti ya kazi yake. Kamera ilihitaji nuru, hivyo ndege ilimulikwa kwa taa kubwa za umeme, na nuru iyo hiyo ilimzuia rubani kuiona ardhi. Makubaliano yalikuwa kwamba taa zizimwe ndege itakapokaribia minara ya visima vya mafuta, ili ajue alipo na kuinua ndege. Usiku wa Agosti 2, 1920, katika uwanja wa DeMille mjini Los Angeles, ndege haikuinuka. Locklear, aliyekuwa na umri wa miaka 28, na Elliott walifariki papo hapo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba taa hazikuzimwa kwa wakati.

Fox iliiharakisha filamu hiyo hadi kumbi za sinema mwezi uliofuata, picha za ajali zikiwa ndani yake, na kutangaza kuwa asilimia 10 ya faida ingekwenda kwa familia za marehemu. Hivyo kifo halisi kiliuzwa kama kilele cha hadithi ya kubuni. Leo hakuna nakala ya filamu hiyo inayojulikana kusalia.

Kwa kuhitimisha, swali la iwapo Locklear alikuwa jasiri au mzembe halitufikishi mbali. Swali lenye tija zaidi kwa mwanahistoria wa filamu ni hili: ni nani aliyeshika swichi? Juu ya bawa, Locklear aliutegemea mkono wake mwenyewe na wenzake waliokuwa angani pamoja naye. Mbele ya kamera, uhai wake ulitegemea pia mtu wa taa ambaye hakuwa na hatari yoyote ya kuanguka.