Madini joto na homoni za shingoni

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hutengeneza homoni zinazoongoza matumizi ya nishati mwilini na ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni. Homoni hizo haziundwi pasipo madini joto, yaani ayodini.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito. Yakipungua, tezi huvimba na kuwa rovu, na mtoto aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa.

Udongo wa milimani, uliooshwa na mvua, huwa na uhaba wa madini hayo. Kinga ni chumvi iliyotiwa madini joto, ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko. Walioko Uingereza wasome pakiti: chumvi nyingi huko haikutiwa. Samaki wa baharini, maziwa na mayai husaidia.