Dishi Lisilogeuza Shingo

Nimeulizwa swali hili mara kadhaa hapa Garbatulla: mbona dishi la Starlink halizunguki? Setilaiti zake hupita kilomita 550 hivi juu yetu, moja ikitoweka baada ya dakika chache na nyingine kuingia. Dishi limetulia tu juu ya mabati.

Jibu lilianza 1905, Strasbourg. Ferdinand Braun alisimamisha antena tatu kwenye pembetatu, akachelewesha wimbi la moja, na nguvu ikaelekea upande mmoja. Vita Kuu ya Pili ikaigeuza mbinu hiyo kuwa rada.

Chukua watu waliojipanga kando ya lambo, kila mtu na jiwe lake. Wakirusha pamoja, wimbi linaenda mbele moja kwa moja. Kila mmoja akichelewa kidogo kumliko jirani yake, wimbi linaenda mshazari, na hakuna aliyesogea. Ndani ya dishi mna antena ndogo nyingi zinazofanya hivyo.

Lakini kutazama pembeni kuna gharama. Kwa nyuzi 60 kutoka mbele, dishi ni kama limebaki nusu: mwale unapanuka maradufu na kupungua nguvu. Antena zikitengana sana, mwale wa pili unatokea upande usiotakiwa. Ndiyo maana zinabanwa, karibu nusu ya urefu wa wimbi.

Kituo cha Longonot kilipofunguliwa 1970, kilikuwa na bakuli moja kubwa lililoelekezwa kwa setilaiti ya Intelsat juu ya Bahari ya Hindi, kilomita 36,000 hivi. Kenya ikaongea na dunia. Huku kwetu watu walikuwa ndio wanatoka kwenye vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967. Waborana walikusanywa kambini, Garbatulla ikiwa mojawapo, na mifugo ikafa kwa kukosa malisho. Wazee wanaziita siku hizo Gaafa Daaba, wakati wa kusimamishwa. Jicho la serikali lilitufikia, ila lilileta bunduki kabla ya simu.

Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Fundi wa antena anajua kwamba wa pembeni anahitaji nguvu zaidi kuliko wa mbele. Kwetu, nguvu hiyo ya ziada bado inatoka mfukoni mwa mwenye boma: anauza mbuzi anunue dishi, kisha anauza wengine anunue sola ya kuliwasha.