Jinsi ya kuanza urubani wa mtandaoni

Kijana aliye Keumbu, Kisii, aweza kuonja urubani akiwa nyumbani. Anahitaji kompyuta, intaneti na programu ya kuigiza urushaji wa ndege. FlightGear hutolewa bure. Kisha hujisajili VATSIM, mtandao ulioanzishwa mwaka wa 2001 na usiotoza ada, na kufanya mtihani mfupi.

Waongozaji ndege humo ni watu halisi wanaojitolea. Kwa hivyo anayeanza achague uwanja mtulivu, mathalani Kisumu (HKKI), na ajiunge akiwa kwenye maegesho. Akijitokeza katikati ya barabara ya kurukia, humharibia mwenzake anayetua. Agizo la mnara hurudiwa. Asiyelielewa aulize, asinyamaze. Pasipo mwongozaji, marubani hujulishana kwenye masafa ya 122.800.

Saa hizo hazihesabiwi katika leseni ya urubani.