Ndiva, Bomba na Jina la Mama Mdogo

Kwetu Gonja, tambarare ya Wilaya ya Same, mpunga hauoteshwi kwa kutazama mawingu tu. Maji yanateremka toka milimani na kila mtu ana zamu yake. Asiyemo kwenye orodha, basi tena, atakaa juu ya tuta akiyaangalia maji yanavyopita kwenda kwa jirani.

Ndivyo yalivyompata mama yangu mdogo msimu mmoja. Alikuwa amelipa, risiti anayo kwenye pindo la kanga, lakini karani alipoandika jina lake kwenye kompyuta, halikutokea.

"Mama, humu haumo."

"Mwanangu, nimelipa kwako wewe mwenyewe!"

"Nakukumbuka, mama. Ila mashine haikujui."

Zamu ile ikapita, na kona moja ya jaruba ikaanza kuwa njano. Siku ya tatu nikaenda naye. Nilimwomba karani anipe orodha ikiwa maandishi matupu, yasiyo na majedwali wala rangi. Nikafungua kompyuta yangu kuukuu, lile dirisha jeusi ambalo wengi hudhani ni la wahalifu wa kwenye sinema, nikaandika:

grep 'Mm*baga' majina.txt

Kufumba na kufumbua, huyu hapa. Jina lake lilikuwa limeandikwa Mbaga, kwa m moja, tena chini ya mfereji ambao si wake. Karani alikuwa akitafuta Mmbaga, na ile programu yake haikujua kwamba kwetu Upare ukoo mmoja huandikwa kwa m moja au mbili, kutegemea mwandishi. Ile nyota kwenye amri yangu ndiyo iliyosema: m ya pili iwepo au isiwepo, nionyeshe.

Hebu, ndugu msomaji, tuulizane: neno hili dogo, grep, limetoka wapi hata likamrudishia mama wa Gonja maji yake?

Mwanzo wake ni mfereji, na sisemi hivi kwa kupendezesha maneno. Mwaka 1964 Douglas McIlroy, wa maabara za Bell huko New Jersey, aliandika waraka mfupi akitaka programu za kompyuta ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani, kipande kwa kipande, kila kinapohitajika. Alingoja miaka tisa. Ken Thompson, aliyeanzisha mfumo wa Unix mwaka 1969 pamoja na Dennis Ritchie, aliingiza bomba hilo mwaka 1973, tena kwa kazi ya usiku mmoja. Leo tunaliandika kwa kijistari kilichosimama wima. Kinachotoka kwenye zana ya kwanza kinaingia kwenye ya pili.

Mtu wa Upare hahitaji mwalimu kulielewa jambo hili. Milimani kwetu tunazo ndiva, mabwawa madogo ya kienyeji. Ndiva hukinga maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi mlango ukifunguliwa, maji hushika mfereji, yakagawanywa huku na huku mpaka shambani. Ndiva haijui kulima, na jembe halijui kukinga maji. Kila kimoja kina kazi yake moja, na shamba linastawi kwa kuwa vimeungana.

Zana za Unix ni hivyohivyo. Grep hutafuta tu. Jina lake lilitokana na amri ya kihariri cha zamani, g/re/p, yaani pita kotekote, tafuta mpangilio huu, uchape. Sort hupanga tu. Uniq hutazama mistari iliyofuatana ikiwa imejirudia. Sed, ya mwaka 1974, hubadilisha maneno. Awk, ya mwaka 1977, husoma safu na kuzijumlisha. Ukiziunga, unapata kazi ambayo hata moja isingeiweza peke yake.

Sasa angalia historia inavyopishana. Julai 1974 Ritchie na Thompson walichapisha makala iliyoitambulisha Unix kwa ulimwengu. Mwaka huohuo, serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mitambo ya enzi hizo ilikula fedha za kigeni na kutegemea mafundi wa nje. Siwacheki wazee wale. Waliona mashine inayomtawala mwenye nyumba, wakafunga mlango. Swali lao, nani anamwamuru nani, lilikuwa sahihi. Ila jibu lilikuwa linachongwa ng'ambo, nasi tukachelewa kulisikia.

Na jibu lenyewe likaja kwa msaragambo. Kwetu, msaragambo ukiitishwa watu hutoka na majembe kuzibua mfereji wa wote, na hakuna anayedai kuwa mfereji ni wake. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliozitengeneza upya zana hizi ziwe huru kwa kila mtu. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, akaleta kiini cha Linux. Watu wengi wakajitokeza na majembe yao. Ndiyo sababu kompyuta yangu kuukuu, isiyoweza kubeba programu nzito za siku hizi, ilikuwa nayo grep bila mimi kulipa senti.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kikatoka na jembe lake: mwaka 2004 kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema Kiswahili. Lakini amri za dirisha jeusi zimebaki kama zilivyozaliwa, vifupisho ambavyo hata Mwingereza inabidi ajifunze.

Siku ile hatukuishia kwa mama mdogo. Nilimwonyesha karani mstari mwingine:

sort majina.txt | uniq -d

Yakatoka majina ya watu walioandikwa mara mbili, ambao wangedaiwa mara mbili. Karani akanyamaza kitambo. Kisha akachukua daftari, akainakili mistari yote miwili kwa mkono, herufi kwa herufi, akaniuliza kile kijistari kiko wapi kwenye kibodi.

"Na hicho ndicho nini?" mama mdogo akauliza.

"Ni mfereji, mama."

Akakitazama. "Basi mwambie asiuzibe," akasema, akaenda kungoja zamu yake. Alipata maji Alhamisi. Ile kona ya njano haikupona, lakini jaruba lililobaki alilivuna.