Kujikana Nafsi: Kutoka Pugu hadi Kariakoo

Kujikana nafsi (Mk 8:34) si kujichukia; ni kumkabidhi Mungu hata kile tunachokipenda kwa haki. Kwa muuzaji wa Kariakoo huanzia kwenye mizani isiyochezewa.

Sisi wa Msimbazi tunao mfano wa jirani. Mwaka 1955 Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere aliacha ualimu katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, na mshahara wake, aitumikie TANU. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, akajiuzulu Uwaziri Mkuu, akamwachia kiti Rashidi Kawawa ili akiimarishe chama. Twadhani hilo la pili lilikuwa gumu zaidi, kwani cheo hujivika vazi la utumishi. Mwaka huohuo wananchi walimchagua kuwa Rais, naye akapokea.