Teknolojia, Elimu na Ubaguzi wa Kijamii

Ubaguzi wa kijamii ni hali ya watu kunyimwa haki, huduma au heshima kwa sababu ya rangi, jinsia, kipato, lugha au mahali walipozaliwa. Elimu na teknolojia husifiwa kwamba huondoa hali hiyo, lakini zote mbili zimewahi kuiendeleza. Wakati mwingine jambo hilo lilifanywa waziwazi kwa sheria. Tanganyika ya kikoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 nchini Afrika Kusini iliwawekea watoto wa Kiafrika elimu duni kwa makusudi. Sheria hizo zimefutwa. Ubaguzi unaoendelea leo ni mgumu zaidi kuutambua, kwa kuwa hutokea pale mfumo unapozichukua tofauti za hali ya maisha na kuzihesabu kuwa tofauti za uwezo wa mtu.

Mfano ulio wazi ni wa England mwaka 2020. Mitihani ya A-level ilipofutwa kutokana na UVIKO-19, Ofqual, mamlaka inayosimamia mitihani, ilitumia kanuni ya kompyuta kurekebisha makadirio ya walimu, na kanuni hiyo ilizingatia matokeo ya kila shule ya miaka iliyotangulia. Matokeo yalipotangazwa tarehe 13 Agosti, takriban asilimia 39 ya madaraja yalikuwa yameshushwa chini ya makadirio ya walimu. Mwanafunzi hodari wa shule isiyo na sifa ya kufaulisha alibebeshwa udhaifu wa waliomtangulia. Kwa upande mwingine, somo lenye watahiniwa wachache sana liliachiwa makadirio ya mwalimu, na madarasa madogo ya aina hiyo yamezoeleka zaidi katika shule za kulipia. Baada ya wanafunzi kuandamana, serikali ilirudisha madaraja ya walimu tarehe 17 Agosti. Kanuni ile haikuwa na kipengele cha kipato cha mzazi. Historia ya shule ilitosha kuchukua nafasi yake.

Kenya nayo ilipofunga shule Machi 2020 kutokana na UVIKO-19, masomo yalihamia kwenye redio, televisheni na intaneti. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi: asilimia 42.5 mijini na 13.7 vijijini. Aliyekuwa na kompyuta na bando aliendelea kufundishwa, ilhali wengi walisubiri shule zifunguliwe. Hata hivyo, watahiniwa wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa wakati huo, walijibu karatasi zilezile Machi 2021, na hati ya matokeo ilionyesha alama tu, bila kueleza nani alisoma kwa miezi mingapi.

Wapo wanaosema kwamba mashine haina chuki, hivyo haiwezi kubagua. Chuki si sharti. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, huku kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Aliyekataliwa na mfumo huumia vilevile, awe aliyeuunda alikusudia au hakukusudia. Hoja nyingine ni kwamba walimu nao hupendelea. Ni kweli, lakini upendeleo wa mwalimu huishia darasani kwake na mzazi anaweza kumwendea akamhoji; kosa la kanuni moja huwapata watahiniwa wa nchi nzima kwa siku moja, tena likiwa limevikwa heshima ya hesabu. Hoja ya tatu, kwamba teknolojia hufungua milango, nayo ina ukweli: redio huwafikia wengi wasio na intaneti. Ukweli huo unathibitisha kwamba chombo hakina budi kuchaguliwa kwa kuangalia walionacho walio wengi.

Kwa hiyo, mfumo wa elimu hauwezi kuitwa wa haki kwa sababu tu unawapa wote kipimo kimoja. Unapaswa kujaribiwa kwa makundi mbalimbali kabla ya kutumika, kanuni zake zitangazwe, na kila anayeathirika awe na haki ya kukata rufaa mbele ya binadamu mwenye mamlaka ya kubadili uamuzi.